Pointi tatu za Kaitaba: hesabu ya msimu wa 2016/17

Wiki hii tunafungua daftari la soka, kwani lina somo kwa mfanyabiashara wa Bukoba na Muleba.

Katika Ligi Kuu ya msimu wa 2016/17, Kagera Sugar chini ya kocha Mecky Maxime ilishika nafasi ya tatu kwa pointi 53, mbele ya Azam yenye 52. Juu yao Yanga na Simba zililingana kwa pointi 68, na Yanga ikatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao.

Hapo ndipo inapoonekana thamani ya mchezo wa Aprili 2017 uwanjani Kaitaba, Kagera Sugar ilipoifunga Simba 2-1. Simba ilikata rufaa ikidai beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Ilipewa pointi tatu mezani, kisha uamuzi ukatenguliwa. Kama zingebaki, Simba ingefikisha 71 na kombe lingekwenda Msimbazi.

Mwekezaji mdogo azingatie: timu ni ya kiwanda cha sukari, na hisa zake haziuzwi Soko la Hisa la Dar es Salaam. Faida ya wenyeji imo katika mzunguko wa fedha siku ya mechi: nauli, vyumba, chakula na vinywaji. Hivyo soma ratiba kabla ya kuagiza mzigo, wala usikope kwa kutegemea matokeo. Mechi huisha kwa dakika 90. Hesabu zake huweza kufunguliwa upya mezani.