Fahamu: Haki zako unapopewa kazi nje ya cheo chako

Umeajiriwa kuwa mhasibu, sasa unapokea wageni na kusimamia stoo pia. Je, ni halali?

Nchini Tanzania, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Yakibadilika, lazima ashauriane nawe, ayarekebishe na kukujulisha kwa maandishi.

Jasho lako si la bure: ukiwa si menejimenti, saa zinazozidi 45 kwa wiki hulipwa angalau mara 1.5 ya mshahara wa msingi.

Usigome ghafla. Soma mkataba, uliza kwa barua, tunza nakala. Mkishindwana, fungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze.