Fundi yuko Kasese, kompyuta iko Kyarumba: ufunguo anashika nani?

KYARUMBA, Kasese – Msimu wa kahawa ukifika, kompyuta ya mnunuzi haina ruhusa ya kugoma. Wakulima wanateremka na magunia kutoka milima ya Rwenzori, mizani iko mlangoni, na kila kilo inaingizwa kwenye programu ya hesabu. Programu ikikwama, foleni nayo inasimama. Fundi yuko Bwera au Kasese mjini. Kumleta ni nauli, posho na nusu siku, na mara nyingi akifika anabonyeza mahali pamoja tu, kazi imekwisha.

Ndiyo maana programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali zimekuwa kitu cha kila siku kwa wafanyabiashara. Majina yanayotajwa sana ni AnyDesk na TeamViewer, zote za Ujerumani. Fundi anaona kioo chako akiwa kwake, anasogeza mshale, anaandika, anarekebisha. Kwa wenye ofisi pande zote mbili za mto Lubiriha faida ni kubwa zaidi. Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka kwa wasafiri kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliendelea kupita Mpondwe lakini watu hawakupita. Fundi wa Butembo aliyezoea kuvuka Kasindi kuja kukuhudumia angefanyaje?

Lakini swali ambalo wengi hawaulizi ni hili: akaunti ni ya nani? Kawaida fundi anafika, anaweka programu kwa barua pepe yake, anachagua nenosiri mwenyewe, anaondoka. Tangu siku hiyo anaweza kuingia saa nane za usiku bila kukuamsha. Huenda ni mtu mwaminifu kabisa. Ila mkikosana kuhusu malipo, au simu yake ikiibwa, au akiajiriwa na mshindani wako, mlango wa duka lako uko mfukoni mwake. Kwenye kompyuta hiyo kuna orodha ya wadeni, bei za wateja wa Kongo na pengine risiti za kodi za EFRIS.

Kwa hiyo akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya biashara, na uthibitisho wa hatua mbili uje kwenye simu ya mwenye mali. Fundi apewe ruhusa, asipewe umiliki. AnyDesk ina orodha ya namba zinazoruhusiwa kuingia. Iwe na namba yake tu, na siku mkiachana unaifuta na kubadilisha nenosiri. Sheria ya Uganda ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011 inahesabu kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini kuwa kosa, lakini ni kazi ngumu kuthibitisha kwamba hukutoa idhini ikiwa ulimwachia nenosiri miaka miwili.

Kama shida zako hutokea mara moja moja, huhitaji mlango wa kudumu. Windows 10 na 11 zina Quick Assist: fundi anakutajia msimbo kwa simu, unauandika, unakubali, naye anaingia ukiwa umekaa hapo unamtazama. Mkimaliza, mlango umefungwa. Kwa duka dogo, mimi ningeanzia hapo. Anayehitaji kuingia ofisini wakati hakuna mtu anaweza kutumia Chrome Remote Desktop, ambayo haina malipo. Matoleo ya bure ya TeamViewer na AnyDesk ni ya matumizi binafsi. Ukiyatumia kibiashara, usishangae mawasiliano yakikatwa katikati ya kazi. RustDesk ni huru na unaweza kuiwekea seva yako mwenyewe, lakini hiyo inataka fundi anayejua anachofanya.

Na fundi akikushauri kuifungua kompyuta moja kwa moja kwenye intaneti kupitia huduma ya Windows yenyewe, kwa lango namba 3389, kataa. Wezi wa mtandao hupitapita duniani kote wakilijaribu lango hilo usiku na mchana.

Wapo pia wezi wasiohitaji utaalamu wowote. Mtu anapiga simu, anajiita mfanyakazi wa benki au wa kampuni ya simu, anakuomba upakue AnyDesk umsomee namba. Ukimsomea, umempa simu yako na pesa zilizomo. Fundi wako unamjua sauti. Asiyejulikana asisomewe namba yoyote.

Kuna jambo la huku mpakani ambalo maelekezo ya kawaida hayaligusi. Kompyuta nyingi kutoka Kongo zina kibodi za Kifaransa, ambapo A imekaa mahali pa Q, na Z mahali pa W. Fundi wa Bwera anaandika nenosiri sahihi, linakataliwa mara tatu, anakulaumu umelisahau. Kabla ya kugombana, mwambie aliandike kwanza kwenye ukurasa mtupu muone herufi zinazotoka.

Bando nalo huisha haraka. Punguza ubora wa picha kwenye mipangilio na uondoe picha ya nyuma ya kioo. Zima usingizi wa kompyuta, kwa sababu ikilala fundi haioni. Kompyuta ya mezani inaweza pia kupangwa ijiwashe yenyewe umeme ukirudi.

Usimlipe fundi kabla ya kujaribu. Zima kompyuta, iwashe tena, usiingie kwa jina lako. Kisha fundi atoke nje, akae kwenye boda na bando la simu yake mwenyewe, ajaribu kuingia wewe ukiwa umetazama kioo.