Mbao Nne na Zamu ya Kila Mmoja

Mimi ni mtoto wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Kwetu pantoni ndiyo soko, ndiyo hospitali. Ikiharibika, mgonjwa hukaa ukingoni akiutazama mji. Ndiyo maana siku nilipovuka mto Alabama kutoka Camden kwenda kijiji cha Gee's Bend, kusini mwa Marekani, nusu ya habari za watu wake nilikuwa nazo kabla pantoni haijagusa ng'ambo.

Mto umekizunguka kijiji hicho pande tatu. Wenyeji wake karibu wote ni Wamarekani weusi, kizazi cha watumwa waliolimishwa shamba la pamba la hapo, na wengi huitwa Pettway, jina la bwana aliyelinunua shamba hilo mwaka 1845. Mwaka 1962, watu weusi wa wilaya ile walipokuwa wanaanza kudai haki ya kupiga kura, pantoni iliondolewa. Camden, walikopaswa kwenda kujiandikisha, ikawa mwendo wa saa nzima kwa barabara. Pantoni haikurudi mpaka mwaka 2006.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka wa tisa huu naishi Birmingham, katika jimbo hilohilo la Alabama, napunguza suruali na kubadilisha zipu katika chumba cha nyuma cha duka la dobi. Kutwa nashona, na kutwa sisemi na mtu. Niliposikia kwamba Gee's Bend wanawake hushona mfarishi mmoja wakiwa wameuzunguka, nilitaka kukaa nao japo siku moja.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi wa miaka 80 na ushei. Fremu ilijaza sebule yake: mbao nne ndefu zilizokazwa kwenye pembe, na viti pande zote. Mfarishi una matabaka matatu. Juu kuna uso, uliounganishwa kwa vipande vya nguo, katikati pamba, chini bitana. Kingo za bitana hupigwa bandi kwenye mbao na kuvutwa mpaka kitambaa kiwambike kama ngozi ya ngoma. Pamba hutandazwa juu yake, kisha uso. Kazi iliyobaki ni kuyapitisha matabaka yote uzi mmoja, kwa mishono midogo midogo, ili pamba isikimbilie upande mmoja nguo ikifuliwa. Washonaji huanzia kingoni kuelekea kati, na sehemu iliyokwisha huviringishwa kwenye ubao ili iliyobaki iwasogelee. Zamani, nyumba zilipokuwa vibanda vya magogo, fremu ilining'inizwa darini kwa kamba: mchana ikashushwa, usiku ikapandishwa watu wapate pa kulala.

Bibi alinipa subana, nikakaa kati ya majirani zake wawili. Mkono mmoja hukaa juu ya nguo. Mwingine huwa chini, usikouona, na kidole chake ndicho huipokea ncha ya sindano na kuirudisha juu. Nimezoea cherehani, kazi ya macho. "Mwanangu, usiitafute," bibi aliniambia. "Ngoja ikufikie." Ilinifikia, ikanichoma, mpaka kidole kikajifunza. Kwa saa nzima nilishona mstari mmoja. Jirani yangu wa kushoto alikwisha maliza mitatu, huku anatusimulia mazishi ya shangazi yake.

Nilimkumbuka bibi yangu wa Bweni na wenzake wakisuka ukili barazani. Nao walikaa pamoja, wakazungumza, wakacheka. Lakini kila mmoja alikuwa na ukili wake mkononi, na mkeka ukaja kuwa wake. Kwenye fremu nguo ni moja. Ukivuta uzi kwa nguvu upande wako, aliye mkabala nawe anauona uso ukikunjamana mbele yake.

Hata hivyo, uso wenyewe huungwa na mtu mmoja, nyumbani kwake, kwa akili yake. Nakshi mojawapo wanayoipenda huiita Paa la Nyumba: mraba ndani ya mraba ndani ya mraba. Kila mwanamke huipanga apendavyo, na hakuna wa kumwambia nyekundu ikae wapi. Vitambaa vilikuwa vile vilivyopatikana: suruali za shambani zilizochakaa magotini, magunia ya unga na ya mbolea kwa bitana, pamba iliyofagiliwa sakafuni mwa kinu. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, aliunga mfarishi kwa nguo za kazi za marehemu ili ajifunike kumbukumbu yake. Binti yake, Arlonzia, ndiye aliyekuja kuisimulia habari hiyo.

Sindano hiyohiyo ilikuja kuwatetea. Mwaka 1966 wanawake wa Gee's Bend na vijiji jirani waliunda ushirika, Freedom Quilting Bee, wakauza mifarishi yao New York. Baadaye ushirika ulinunua ardhi na kuwauzia viwanja watu waliofukuzwa mashambani kwa sababu ya kudai haki zao. Mwaka 1972 duka la Sears liliwapa kazi ya kushona foronya za kodrai. Foronya zote zilitakiwa zifanane, lakini mabaki ya kodrai yalirudi majumbani, yakawa mifarishi isiyofanana hata miwili.

Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika lile la Whitney, New York, na kila mmoja ukaandikwa jina la aliyeuunga uso. Nilimuuliza bibi kama majirani walioshona kwenye fremu hawakuona wamedhulumiwa. Hakuacha kushona. "Wao nao wana ya kwao," alisema, "na mimi nilikaa kwenye fremu zao."

Hapo nilielewa. Ule ni upatu. Leo fremu ni yako, wiki ijayo ni ya jirani, na kazi ambayo ingemchukua mtu mmoja wiki kadhaa huisha kwa siku mbili. Kinachowekwa katika mzunguko ni mikono badala ya fedha, na hakuna anayepoteza jina lake kwa kusaidiwa.

Ndugu zangu wa nyumbani, vikundi vyetu vya upatu vina wanawake, vina siku ya kukutana na vina utaratibu wa zamu. Mabaki ya vitenge yanafagiliwa kila jioni kwenye vibaraza vya mafundi, na Lushoto na Makete kuna baridi ya kutosha. Tafuteni mbao nne. Zamu yako ikifika, unga uso kwa akili yako na utie jina lako pembeni. Kisha weka viti pande zote, na wiki inayofuata uwe wa kwanza kufika kwa jirani.