Kusafisha na Kung'arisha Madirisha ya Ndege

Je, umepata kuona ndege ndogo ikitua katika kiwanja cha changarawe? Kiwanja cha Seronera, katika Hifadhi ya Serengeti, ni cha namna hiyo. Magurudumu na rafadha, yaani mapanga yazungukayo, hurusha vumbi na mchanga. Baada ya miaka mingi madirisha ya ndege huonekana kama yana ukungu.

Madirisha hayo si ya kioo. Yametengenezwa kwa plastiki iitwayo akriliki, ambayo ilianza kuuzwa katika miaka ya 1930. Uzito wake ni karibu nusu ya uzito wa kioo chenye ukubwa ule ule, tena haivunjiki upesi. Lakini si ngumu kama kioo. Punje za mchanga huikwaruza kwa urahisi.

Kwa nini dirisha hufifia?

Uso wa dirisha ukiwa sawasawa, miale ya mwanga hupita vizuri. Ukiwa na mikwaruzo, kila mkwaruzo huipinda miale upande wake, nayo hutawanyika. Rubani akielekea jua linalotua, dirisha zima humeremeta. Aweza kushindwa kumwona tai, au hata ndege nyingine iliyo mbele yake.

Kazi ya fundi

Kwanza, fundi huvua pete na saa. Humwagia dirisha maji mengi huku akilipapasa taratibu kwa kiganja, ili kuondoa punje za mchanga. Kisha huliosha kwa sabuni isiyo kali na kitambaa laini cha pamba. Hafuti kamwe dirisha likiwa kavu. Vumbi lingekuwa kama msasa, na msuguano ungetia plastiki umeme unaovuta vumbi jingine. Wala hatumii petroli, kwa sababu huweza kufanya nyufa ndogo ndogo katika akriliki.

Mikwaruzo ikibaki, fundi husugua kwa maji na msasa wenye chembe ndogo sana, kisha wenye chembe ndogo zaidi. Kila msasa hufuta alama za ule uliotangulia. Mwisho hutumia dawa ya kung'arishia. Hasugui mahali pamoja tu, kwani pangebonyea, na vitu vya nje vingeonekana vimepinda. Dirisha lililokuwa jembamba mno, au lenye nyufa nyingi, halisuguliwi tena, hubadilishwa.

Jaribio

Vifaa: rula kuukuu ya plastiki inayopitisha mwanga, mchanga, maji, dawa ya meno, na kitambaa laini.

1. Sugua nusu ya rula kwa mchanga. Iinue kidogo juu ya kitabu, usome maandishi kupitia rula hiyo. Unaona nini?
2. Paka maji penye mikwaruzo. Maji huijaza mikwaruzo, nawe utaona vizuri zaidi. Yakikauka, ukungu hurudi.
3. Sasa sugua kwa dawa ya meno na kitambaa chenye maji kwa dakika 10. Suuza, kisha linganisha na mwanzo.

Maswali

1. Kwa nini fundi huanza kwa maji mengi?
2. Kwa nini msasa wenye chembe kubwa hautumiwi mwishoni?
3. Maji yaliondoa ukungu wa rula kwa muda tu. Eleza sababu.