Sikukuu ya wazazi: namna ya kufurahi tarehe 1 Agosti bila kula franga za masomo

Hapa Bukavu hauna lazima ya kalenda ili ujue kama tarehe 1 mwezi wa nane imefika. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, utaona watu wanaelekea makaburini na jembe, panga na kidumu cha maji. Kufika saa saba, harufu ya sombe na mafuta ya mawese inatoka karibu kila lupango.

Katika inchi yetu, 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi. Iko kwenye orodha ya siku za mapumziko za serikali, sawa na 30 Juni. Inchi zingine zina siku ya mama na siku ingine ya baba. Sisi tunaweka wote pamoja, na tena tunaweka pamoja wazima na waliokufa. Asubuhi ni ya wale walio chini ya udongo, mchana ni wa wale ambao bado wanaweza kutugombeza.

Ni siku nzuri, lakini imeangukia mahali pabaya. Mwisho wa Julai, mshahara wa wengi haujafika, ama umefika na madeni yameshaumeza. Mbele kuna Septemba na masomo. Ni kweli, tangu 2019 shule ya msingi ya serikali hailipwi, lakini iniforme, viatu na madaftari havitoki kwa serikali. Na mwenye mtoto sekondari bado anatafuta minerval. Kwa hiyo kila franga unayotoa tarehe 1 Agosti, jua umeitoa katika mfuko wa Septemba.

Niongee ya kwetu, ili nisionekane kama ninafundisha watu jambo ambalo mimi mwenyewe silijui. Tuko watoto watano. Baba alifariki, mama bado iko. Kwa miaka mingi tulifanya kama kila mtu: kukodi viti na shitingi, kazie mbili za bia, masukari kwa watoto, kuku, na vikwembe vya rangi moja kwa wanamuke wote. Mwaka moja, kisha sikukuu, nilibaki na deni dukani ambalo nilimaliza kulipa mwezi wa kumi. Mtoto wangu alirudi masomoni na shati nyeupe ya mwaka uliopita, mikono ikiishia karibu na kiwiko.

Deni linalipwa. Kilichotuumiza zaidi ni kitu kingine. Mdogo wetu, ambaye ni motari, hakuja miaka miwili mfululizo. Alisema siku hiyo wateja ni wengi. Mama alikubali, ama alijifanya kukubali. Ukweli tuliujua baadaye. Kwetu michango iliandikwa kwenye karatasi, jina na kiasi, na yaya aliisoma mbele ya wote kabla ya kula. Pikipiki haikuwa ya mdogo wetu, kila jioni alipaswa kumrudishia mwenyewe franga zake. Aliogopa kusomwa na sifuri mbele ya shemeji zake.

Niliuliza watu wengine katika kartie yetu, na nilisikia habari za namna hiyo mara nyingi. Mtoto anapotea siku ya wazazi, wazazi wanafikiri amewasahau, kumbe ni mfuko.

Mama ndiye aliyekata maneno, Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Alisema: «Mimi siko na lazima ya kuku. Niko na lazima ya kuona batoto yangu bote.» Karatasi ikafa siku hiyo hiyo. Tuliamua kila mtu asipitishe 10.000 Fc. Ndiyo, tuliweka mwisho wa juu, juu ya wale wenye kupenda kujionyesha, maana hao ndio wanafukuza wengine bila kujua. Franga zinaenda kwa mama mdogo, kwa mkono ama kwa simu, na yeye hasemi nani ametoa ngapi. Asiye na kitu analeta mikono yake.

Na kazi ya mikono siku hiyo haikosi. Asubuhi ya makaburini haiombi franga nyingi. Ni kiangazi, majani yamekauka, jembe moja linatosha. Shokaa kidogo kwa kupaka msalaba, maua ya kukata kwenye lupango. Jambo moja tu: usichome majani kwa moto. Wakati huu wa mwaka moto unakimbia, na misalaba ya miti ya watu wengine inaweza kuungua.

Wengi kati yetu hawawezi kufika kwa makaburi yao. Yako Shabunda, Fizi, Kalehe, na njia ni mbaya ama usalama haupo. Jirani yangu mmoja anawasha mshumaa nyumbani, anataja wazazi na bakoko wake kwa majina, kisha anaelezea watoto kila mmoja alikuwa mtu wa namna gani: huyu alikuwa mkali, huyu alicheza likembe. Watoto wake wanajua ukoo wao kupita wangu, hilo lazima nikubali.

Sasa chakula. Sambaza ndiyo nyama ya mtu wa Bukavu. Samaki hii ilitolewa katika ziwa Tanganyika na kuletwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950. Lakini sambaza ina ujanja wake. Wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu na kuvua usiku kwa taa, maana samaki inafuata mwangaza. Mwezi ukiwa mzima, ziwa lote linang'aa, samaki hazikusanyiki tena chini ya taa, na sokoni bei inapanda. Tarehe 1 Agosti 2023 mwezi ulikuwa mzima siku hiyo hiyo, na mwenye kungoja siku ya mwisho hakukuta bei nzuri. Kwa hiyo inua macho katikati ya Julai. Ukiona sikukuu itaanguka karibu na mwezi mzima, nunua sambaza mapema na uzianike, jua la kiangazi halikosi. Siku yenyewe unaziosha na maji ya moto, unazikaanga na vitunguu na nyanya.

Maharagi uloweke tangu jioni. Hii si maneno ya usafi, ni maneno ya makala. Watu wanahesabu bei ya unga na mafuta, wanasahau kwamba maharagi makavu yanaweza kukaa juu ya mbabula saa tatu nzima. Yaliyolala ndani ya maji yanaiva mbio. Sombe yetu ilitoka katika shamba la mama, watoto wenyewe wakaitwanga. Kama familia yako inasema bila nyama hakuna sikukuu, tafuta majirani watatu mnunue mbuzi moja. Kunywa, tulileta kidumu kimoja cha kasiksi, na chai ya maziwa kwa mama ambaye hanywi. Viti kila mtu alibeba vyake. Mwaka huo tulikusanya 42.000 Fc, na tulikula watu kumi na sita, pamoja na wajukuu.

Zawadi tuliitenga na chakula, na ninashauri hivyo. Kisha sikukuu, tulianza kuweka 1.000 Fc kila wiki, kila mmoja wa wale wanaoweza, katika AVEC ya dada yetu. Tulimuuliza mama anataka nini. Tulifikiri atasema kikwembe. Akaomba miwani, maana siku hizi kwa kuchambua mchele lazima aite mjukuu.

Na mdogo wetu? Tulipofika makaburini saa moja asubuhi, tulikuta kaburi la baba limeshalimwa na yeye amekaa pembeni na kidumu chake cha maji. Yaya alikuwa amelipa taksi kwa kumrudisha mama nyumbani. Mama aliikataa. Alishuka mulima nyuma ya pikipiki, akimshika mtoto wake kiunoni, akimgombeza njia nzima juu ya mbio.

Salamu za wazazi hapa redioni tunazipokea mpaka tarehe 31 Julai jioni. Asiye na franga za karatasi ya salamu apige hodi hata hivyo, tutaona.