Kamirithu: Kuhifadhi Nyumba Ambayo Haipo

Msomaji wa Eldoret anayetaka kuona jinsi jengo linavyogeuzwa kuwa hifadhi ya kumbukumbu hana haja ya kwenda mbali, kwa kuwa akipita Kitale na kufika Kapenguria atakuta makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1993 katika gereza walimozuiliwa Jomo Kenyatta na wenzake watano walioshtakiwa pamoja naye. Kuta zilikuwepo, zikahifadhiwa. Nyumba alimolelewa mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938 na kufariki Marekani mwezi Mei 2025, haiwezi kuhifadhiwa kwa njia hiyo. Mwaka 1955, aliporudi likizo kutoka Shule ya Upili ya Alliance baada ya muhula wake wa kwanza, alikuta boma lao na kijiji kizima vimebomolewa na watu wamehamishiwa Kamirithu, mojawapo ya vijiji vya hali ya hatari, yaani makazi ya lazima ambamo serikali ya kikoloni iliwakusanya raia ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau.

Kwa hiyo panapostahili kuwa kituo cha fasihi ni Kamirithu penyewe. Hapo, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa viwanda na mashamba ya Limuru walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa, baada ya ramani yake kupangwa ardhini kwa vijiti vya kiberiti, wakaigiza kwa Kikuyu tamthilia ya *Ngaahika Ndeenda* iliyoandikwa na Ngũgĩ pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wanakijiji, wengine wao wakiwa wamejifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima ya hapo Kamirithu, wakawa wanamsahihisha Ngũgĩ, mhadhiri wa chuo kikuu, namna mzee au kijana anavyopaswa kusema. Mwezi Novemba serikali iliipiga marufuku tamthilia hiyo, Ngũgĩ akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, na Machi 1982 ukumbi ukabomolewa.

Kukosekana kwa kuta si kikwazo cha kisheria, kwani Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamruhusu waziri kutangaza hata uwanja mtupu kuwa mahali palipolindwa. Tangazo hilo linapaswa kutolewa. Lililo gumu zaidi, na ambalo hakuna gazeti la serikali linaloweza kulileta, ni kuwarudishia wakazi wa Kamirithu jukwaa ambapo mtu asiye na shahada yoyote anaweza kusimama mbele ya mwandishi na kumwambia kwamba maneno hayo hayasemwi hivyo.