Je, Wajua? Ualbino Hurithiwa kwa Wazazi Wote Wawili
Ualbino, yaani hali ya kuzaliwa na upungufu wa melanini, ile rangi asilia ya ngozi, nywele na macho, kwa kawaida hutokana na jeni yenye hitilafu ambayo haijitokezi mpaka mtoto airithi kwa baba na kwa mama, hivyo wazazi wasio na ualbino, ambao kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni hiyo, wana uwezekano wa asilimia 25 katika kila ujauzito wa kumpata mtoto mwenye ualbino. Aina iliyoenea zaidi Afrika Mashariki husababishwa na jeni iitwayo OCA2, iliyo kwenye kromosomu ya 15, na nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino.

Hali hii haina dawa ya kuiondoa, ila macho husaidiwa kwa miwani na ngozi hukingwa dhidi ya saratani kwa mafuta maalumu kama Kilisun, yanayotengenezwa Moshi. Mwenye ualbino anayehamia Auburn, magharibi mwa Sydney, hukuta jua kali vilevile, katika nchi ambayo tangu 1981 imewahimiza watu wote kuvaa shati, kupaka mafuta ya kukinga jua na kuvaa kofia.